Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

Mtu aliyewahi kwenda zahanati akatobolewa kidole, tone la damu yake likatiwa katika kipimo kidogo cha plastiki, naye akangoja kama robo saa mpaka mstari mwekundu ukadhihiri, amekwisha kuiona nanoteknolojia kwa macho yake, ijapokuwa yamkini hakuna aliyemwambia kwamba wekundu ule aghalabu ni wa dhahabu.

Dhahabu nyekundu? Naam. Nanometa ni sehemu moja katika bilioni moja za meta, hata upana wa unywele mmoja hukadiriwa kuwa nanometa 80,000 au zaidi. Na kitu kikipunguzwa mpaka kikawa baina ya nanometa 1 na 100, tabia zake huweza kugeuka kabisa. Dhahabu iliyo njano katika pete, ikiwa chembe za nanometa 20 hivi ndani ya maji, elektroni zake hutikisika pamoja zinapopigwa na nuru, zikaimeza rangi ya kijani na kuiacha nyekundu ipite. Mafundi wa vioo wa Rumi walilitumia jambo hili katika karne ya 4 pasipo kujua sababu yake, na kikombe chao kiitwacho Lycurgus, kilichohifadhiwa British Museum mjini London, ni kijani kikimulikwa kwa nje, na chekundu nuru ikitoka ndani.

Katika kipimo cha malaria, chembe hizo hufungamanishwa na kingamwili zinazoinasa protini ya vimelea. Protini ikiwamo katika damu, chembe hurundikana penye mstari hata zikaonekana. Mstari wa pili huthibitisha tu kwamba kipimo ni kizima.

Kaskazini mwa Tanzania, ambako maji ya visima vingi yana floraidi inayotia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kwa kadiri ya uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kwangu mimi chujio hilo lashinda kwa mbali soksi zinazotiwa chembe za fedha ili zisinuke, ilhali fedha yenyewe hutoka katika kufua ikaingia majini. Basi msomaji akiuziwa kitu kwa jina la nano, na aulize ni chembe za nini, zafanya kazi gani, na zitakwenda wapi kitu hicho kikichakaa.