Mpira wa hewa wa mzamiaji

Vijana wetu wa Watamu, Nungwi na Mafia huongoza watalii chini ya maji. Anayenunua vifaa vilivyotumika aanze na mpira: asogeze kikoti cha plastiki mwishoni, kwani ufa hujificha humo, kisha aupinde. Ukionyesha nyufa au uvimbe, autupe, hata ukiwa rahisi namna gani. Kipande cha mdomoni akijaribu kwa kukiuma. Kikubwa mno huumiza taya. Mpira wa pili, mrefu na wa manjano, ni wa mwenzake aliyeishiwa hewa.

Hewa ikikatika, asipande amebana pumzi. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo mapafuni hutanuka mara mbili, na mapafu huweza kupasuka.