Utangulizi: Ajali za Pikipiki na Umri wa Dereva

Kijana aliyenunua pikipiki yake ya kwanza mwaka 2008, akiwa na miaka 25, sasa amevuka 40. Mwaka ule serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na biashara ikalipuka: pikipiki mpya zilizosajiliwa 2007 hazikufika 20,000, ilhali kufikia 2020 zilikuwa zikizidi 200,000 kwa mwaka. Hata hivyo mtu wa bodaboda bado tunamzungumzia kana kwamba amemaliza shule juzi. Karibu basi kwenye fani hii, msomaji, na uingie ukijua kwamba wengi tunaowachunguza wanazeeka kazini.

Tuanze na ajali yenyewe. Chukua Mugutha, upande wa Ruiru, ambako wakazi wengi hukamilisha safari ya kurudi nyumbani wakiwa nyuma ya pikipiki. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012 na Rais Mwai Kibaki, ilijengewa magari yanayokwenda mbali. Anayetaka kuvuka ng'ambo tu hulazimika kwenda hadi kwenye daraja la kugeuzia ndipo arudi. Mafuta na dakika hizo nauli ya abiria mmoja hailipi, kwa hiyo dereva anapita kinyume kando ya barabara, taa za matatu zikimpiga usoni. Akigongwa, lawama zitamwangukia yeye, na kisheria ni haki. Lakini mtafiti haachi hapo. Anapima umbali wa kufika kwenye daraja, anauliza mkopo wa pikipiki unalipwa kwa siku au kwa wiki, anaangalia kama pana taa.

Hesabu za vifo zisomwe kwa tahadhari. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965 vya barabarani, vya watumiaji wote. Shirika la Afya Duniani likakadiria 13,463. Pengo hilo si dogo! Majeruhi aliyekimbizwa hospitali ya Thika Level 5 na wenzake wa steji, akafariki siku kadhaa baadaye, anaweza asionekane kamwe kwenye daftari la polisi. Tena, vifo vikiongezeka haimaanishi kila safari imekuwa ya hatari zaidi. Huenda safari ndizo zilizoongezeka. Bila kujua pikipiki zimekwenda kilomita ngapi, tunabishana gizani.

Sasa umri, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Marekani, mwaka 1975, takriban asilimia 80 ya waliokufa kwenye pikipiki walikuwa chini ya miaka 30. Leo wenye miaka 50 na zaidi ni kama theluthi moja. Ukiinakili hali hiyo na kuibandika Ruiru utapotea. Wengi wa wazee wa kule ni watu wa wikendi, wenye pikipiki kubwa, baadhi yao wamerudi barabarani baada ya kulea watoto. Wa kwetu hakuwahi kushuka. Yuko juu ya Boxer tangu alfajiri, karo inamsubiri, na uzoefu wake ni mali: anajua tuta lisilochorwa liko wapi, na anamsoma dereva wa lori la mawe kabla hajakata kona.

Kinachobadilika ni mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba waendeshaji wa miaka 60 na zaidi waliopata ajali walilazwa hospitalini takriban mara tatu zaidi ya wale wa miaka ya ishirini na thelathini. Kwa hiyo tutenganishe maswali mawili ambayo magazeti huyachanganya: nani anaanguka mara nyingi, na nani akianguka anaumia vibaya. Mbavu za mzee huvunjika kwa kishindo ambacho kijana angekipangusa vumbi. Macho nayo: jicho la miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaolifikia jicho la miaka 20. Katika steji nyingi utamkuta mzee anayefunga kazi magharibi inapoingia, vijana wakimcheka kwamba anamwogopa mkewe. Mimi naona amefanya tathmini ya hatari ambayo wataalamu tungeiombea ufadhili.

Helmeti haihitaji mjadala mrefu: mapitio ya Cochrane ya 2008 yalikadiria kwamba hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Linalotusumbua ni ile ya abiria, inayoning'inia kwenye kioo cha pembeni, sponji imelika, kamba ya kidevu haina kifungo, imenukia nywele za watu kumi tangu asubuhi. Sheria inadai ivaliwe. Sasa mpe nyanya anayekwenda kliniki ya presha, aliyekaa upande kwa sababu ya rinda, mkono mmoja umeshika mfuko wa dawa. Naye ni mzee kwenye pikipiki, ingawa hana leseni.

Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu ni jepesi. Nenda steji moja, uandike umri wa kila dereva, mwaka alioanza, na saa anayofunga kazi. Mwone mwenyekiti wa steji kwanza, na usiende saa ya watoto wa shule, hakuna atakayekujibu.