Joto la Sterling, Kilele cha Kilimanjaro: Mwili Hauzoei kwa Siku Moja

Na Mwandishi Wetu, Sterling, Virginia

Kila kiangazi kinapopamba moto katika eneo la Washington, tahadhari za joto kali zinazosomwa redioni na kwenye televisheni hutoka hapa hapa Sterling, ilipo ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa inayohudumia jiji hilo na vitongoji vyake. Wengi wetu tunazisikia na kuzipuuza. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam ataambiwa nini kuhusu joto? Akitoka kazini anavaa raba zake, anaingia njia ya W&OD inayopita mjini hapa na kuanza kukimbia.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mwili uliokaa miaka kumi ndani ya nyumba na magari yenye viyoyozi si ule ulioondoka Mombasa. Uzoefu wa joto hauwekwi akiba. Ukikaa mwezi mmoja hivi bila kukabiliana nalo, sehemu kubwa ya uzoefu huo hupotea.

Misuli inapofanya kazi, robo tatu au zaidi ya nishati inayotumika hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima lipate pa kutokea. Moyo husukuma damu kwenda kwenye ngozi, jasho hutoka, na linapokauka huondoka na joto. Jasho linalodondoka chini halikupozi hata kidogo. Hewa yenye unyevunyevu mwingi hulizuia jasho lisikauke, na ndiyo maana nyuzi 32 za Selsiasi zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzi 41. Wakati huo huo moyo unadaiwa na pande mbili: misuli inataka damu, na ngozi nayo inataka damu.

Hata mabingwa hawaponi. Katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini joto lilikuwa bado juu ya nyuzi 30 na unyevunyevu mkubwa. Walianza wanariadha 68 na wakamaliza 40 tu. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2:32:43. Mwezi Januari mwaka huo huo alikuwa ameshinda Dubai kwa saa 2:17:08. Tofauti ni zaidi ya dakika 15, na aliyekimbia ni yule yule.

Karibu na sisi, mwezi Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyechezea timu ya soka ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini. Alifariki dunia Juni 13. Uchunguzi ulionyesha kuwa hakutumbukizwa kwenye maji ya baridi, tiba ambayo ndiyo ya kwanza kwa hali hiyo, na chuo kikakubali kuwajibika.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto kwenye timu za shule walijue hili. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuanguka akifanya mazoezi kwenye joto, piga 911 na uanze kumpoza papo hapo bila kungoja gari la wagonjwa. Mtumbukize kwenye beseni kubwa la maji ya barafu huku kichwa kikishikiliwa juu ya maji. Ikikosekana beseni, tumia mpira wa maji na taulo zilizolowekwa kwenye barafu. Kila dakika ina thamani. Na maji ya kunywa yasipitilize: anayekunywa kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua.

Kwenye milima mambo ni mengine. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, huku Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia, akianguka baada ya kumaliza na kupewa oksijeni. Kipchoge Keino naye akamwacha mbali Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Temu na Keino walitoka nyanda za juu, na miili yao ilishazoea hewa nyepesi.

Kiasi cha oksijeni hewani ni asilimia 21 kila mahali, lakini kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni unayopata pwani. Mwili hujibu kwa kuhema haraka na moyo kwenda mbio. Figo nazo huagiza chembe nyekundu za damu zaidi, lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa.

Hili linatuhusu sisi tunaoishi Virginia na kwenda nyumbani Desemba kupanda mlima. Kukimbia vizuri huku bondeni si kinga. Vijana wenye nguvu huzidiwa kwa sababu wanapanda haraka. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.

Dawa ya joto na ya mlima ni moja: muda. Kwa joto, jipe siku 10 hadi 14, ukianza na dakika 20 za alfajiri na kuongeza taratibu. Ndani ya siku hizo maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo. Kwa mlima, chagua safari ya siku saba au nane badala ya tano, hata kama gharama inapanda. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" kutwa nzima. Wageni wengine huichukulia kama salamu tu, kumbe ni ushauri wa kitabibu.