Jipime Kabla ya Kupimwa

Mtahiniwa, kujitambua katika masomo ni kujua kwa hakika unachokiweza na usichokiweza. Watahiniwa wengi hudhani wanaijua mada kwa sababu wameisoma mara tatu au nne. Ukweli ni kwamba kurudia kusoma huyafanya maneno yazoeleke machoni, na ni rahisi kudhani kwamba ulichokizoea unakijua. Katika chumba cha mtihani hakuna daftari. Jibu lazima litoke kichwani.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma vifungu viwili vya habari. Kimoja walikisoma tena; kingine waliandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, kifungu kilichosomwa tena kilikumbukwa kwa asilimia 81, na kile cha kujipima kwa asilimia 75. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: kilichosomwa tena asilimia 42, cha kujipima asilimia 56. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5. Kwa hiyo, fuata hatua hizi:

1. Jipime. Funga daftari uandike unachokumbuka, kisha ulifungue usahihishe. Kwa mfano, changanua neno "wanacheza": wa- ni kiambishi cha nafsi, -na- ni kiambishi cha njeo, -chez- ni mzizi na -a ni kiishio.

2. Tafuta chanzo cha kosa. Chukua karatasi yako ya moko. Kando ya kila alama uliyopoteza, andika sababu: sikujua, nilisahau, au sikufuata swali. Aliyeambiwa "fafanua" akataja tu, huenda jibu analijua, lakini alama atazikosa.

3. Chukua hatua inayolingana na kosa. Usilolijua, mwulize mwalimu. Ulilolisahau, jipime tena baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Kama hukufuata swali, jizoeze kupigia mstari neno la agizo kabla ya kujibu.

4. Panga siku na saa. "Nitasoma Kiswahili" ni nia tu. "Jumanne saa 1 usiku, ngeli za nomino, maswali matano" ni mpango.

Zingatia: mada tunayoikimbia mara nyingi ndiyo tunayoihitaji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa unaloligundua leo mezani kwako bado lina dawa. La siku ya mtihani halina.

Zoezi
Chagua mada unayoamini unaijua kuliko zote. Funga kitabu hiki, andika kwa dakika 10, kisha usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hapo penye wekundu ndipo pa kuanzia kesho.