Tovuti ya Duka Imechakaa? Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mara nyingi jamaa zetu wa Muscat na Dubai huniuliza kama bei waliyotajiwa ya kujengewa tovuti mpya ni ya haki. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kabla ya kuzungumza bei huwauliza: hiyo ya zamani ina kasoro gani? Aghalabu jibu huwa, "Imepitwa na wakati." Hiyo ni habari ya sura. La maana zaidi ni kama mteja anaifikia, anapata alichokitafuta, kisha anapiga simu.

Tovuti iliyokaa miaka mingi ina mali isiyoonekana: anwani za kurasa zake. Chukua duka moja la kusafirisha mizigo la Ruwi nililolihudumia, ambalo nyumba kadhaa za ukoo mmoja zinalitegemea kwa chakula na ada za skuli. Ukurasa wake wa bei za mizigo ya Unguja umepitishwa miaka na miaka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, Oman na Zanzibar. Google nayo inaujua. Tovuti ikibomolewa na kujengwa nyingine yenye anwani mpya, anayebonyeza kiungo kile ataambiwa ukurasa haupo, na atampigia mwenye duka la jirani.

Basi hatukubomoa. Tuliziba panapovuja, moja baada ya moja.

Kwanza, kasi. Picha moja ya simu za leo huweza kufika megabaiti 3 au 4, na kwa tovuti kilobaiti 200 mara nyingi zatosha. Tulizipunguza zote. PageSpeed Insights ya Google hupima kasi bure: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Pili, maandishi. Orodha ya bei ilikuwa picha ya karatasi, haisomeki kwenye simu ndogo. Tuliiandika upya kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kila lugha na ukurasa wake, ule wa Kiarabu ukianzia kulia. Sasa anayetafuta kwa Kiswahili namna ya kutuma mzigo Unguja ana maneno ya kukutana nayo.

Tatu, mawasiliano. Nambari ya simu haikuwa na 968 mwanzoni, kwa hiyo aliye Zanzibar akiipiga haimfikishi popote. Fomu nayo ilipeleka ujumbe kwenye barua pepe isiyofunguliwa na mtu. Tuliweka nambari kamili, ukiibonyeza inafungua WhatsApp.

Baada ya kila badiliko tulisubiri wiki chache, kisha tukaangalia Search Console, nayo ni bure. Huonyesha watu walitafuta maneno gani na wakafungua ukurasa upi. Ukibadilisha yote siku moja, hutojua kipi kimefaa na kipi kimeharibu.

Ziko tovuti zisizofaa kukarabatiwa. PHP 5, kwa mfano, ilikoma kupata marekebisho rasmi ya usalama mwishoni mwa 2018. Tovuti iliyobaki hapo ni mlango usio na komeo, na ikiwa haiwezi kuhamishiwa toleo jipya, jenga upya. Hata hivyo, kila anwani ya zamani ielekezwe kwa njia ya 301 kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo. Google inashauri uelekezaji huo ubaki angalau mwaka 1.

Jambo la mwisho, kabla hamjalipa hata riyali moja: ulizeni jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani. Likiwa kwa jina la fundi, siku akihama au mkikosana naye mnaweza kulikosa, na wateja wote wanaolijua wakapotea nalo. Mwambieni alihamishie kwa mwenye biashara, na nywila zihifadhiwe na watu wawili wa nyumbani.