Pumzi Inapofupisha Njia

Tura iko mashariki ya mji wa Tabora, katika wilaya ya Uyui, kandokando ya reli ya kati. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ililijua vizuri jina hili, kwa kuwa ndiko ilikoingia Unyamwezi baada ya kuvuka Mgunda Mkali, nyika kavu iliyoogopwa kwa kiu. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila 2 hivi begani, zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini maisha ya kijijini bado yanakwenda kwa miguu: shambani, kisimani, kwenye mnada, zahanati. Katika nchi ya namna hii ugonjwa sugu wa mapafu humkamata mtu kwanza njiani. Anaanza kuona wenzake wanamtangulia.

Waganga wana kipimo kinachoanzia hapohapo njiani. Katikati ya karne ya 20 daktari Mwingereza Charles Fletcher, akiwachunguza wachimba makaa ya mawe wa Wales, aliweka maswali mepesi kuhusu kutembea, na mpaka leo ndiyo yanayotumika dunia nzima kupanga ukali wa kukosa pumzi. Wa daraja la chini kabisa huhema kwenye kazi nzito tu. Anayefuata huhema akiharakisha au akipanda mwinuko. Wa tatu hubaki nyuma ya watu wa rika lake hata kwenye njia tambarare. Wa nne husimama kila baada ya mita 100 hivi. Wa mwisho hatoki nyumbani. Kuvaa nguo peke yake kunamchosha. Hakuna mashine wala umeme hapo, ni maswali tu, na kwa maoni yangu yanafaa kuulizwa katika kila zahanati kati ya Itigi na Tabora. Mgonjwa wa kijijini huenda asijue jina la ugonjwa wake, lakini anajua ni kwenye mti upi anapolazimika kusimama.

Kinachomsimamisha kinastahili kuelezwa, kwa sababu watu wengi hukidhania kinyume. Kuvuta hewa ni kazi ya misuli; kuitoa, tukiwa tumetulia, mapafu hujirudi yenyewe. Moshi wa miaka mingi huvimbisha kuta za vijia vyembamba vya hewa na kuvijaza makohozi, kisha hula kuta za vifuko ambamo damu huchukua oksijeni, hadi vinalegea. Basi hewa inaingia, lakini kutoka inachelewa. Kabla ya ile ya kwanza kuisha kutoka, mwili unadai nyingine. Akiongeza mwendo, hewa iliyokwama inazidi, kifua kinajaa, na nafasi ya kuvuta inakuwa finyu. Mgonjwa atakwambia kifua kimebana, hewa haiingii. Kumbe kimejaa hewa kuukuu. Ndipo hofu inapoingia, na hofu nayo humfanya aheme upesi zaidi.

Kazi za mikono zina adhabu yake ya pekee. Misuli ya mabega na shingo ndiyo inayomsaidia mtu huyu kuhema, kwa hiyo akiinyanyua mikono kutwanga, kuanika au kushika ndoo kichwani, anaipokonya pumzi yake msaidizi. Mwanamke anayeweza kutembea polepole hadi kisimani bila taabu kubwa anaweza kushindwa kabisa kurudi na maji. Familia isiyolijua hili humwona anatega kazi. Msimu wa kupiga matuta unapofika, mwanamume aliyekuwa akilima ekari kadhaa anaishia kupalilia kando ya nyumba, akiinama na kuegemeza viganja magotini kila mara. Usiku halali chali. Anajiegemeza kwenye mto au ukutani, na asubuhi huanza kwa kikohozi kirefu. Mazungumzo yake nayo hukatika vipande vipande, hivyo taratibu anaacha kwenda vikaoni.

Moshi wenyewe hautafutwi mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2021, lilitaka chembechembe laini hewani zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha hufikisha mamia. Tabora pia ni mkoa wa tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwenye vibanda viitwavyo mabani kwa kuni za miombo. Moto wa bani huchochewa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima, na mchocheaji hukaa mlangoni mwa tanuri. Wachoma mkaa nao wamo. Huku sigara ni sehemu tu ya habari, na mama ambaye hajavuta hata moja maishani anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji.

Chanzo kingine kinasahaulika zaidi: kifua kikuu kilichokwishatibiwa. Dawa za miezi 6, zinazotolewa bure, huua vimelea, lakini makovu na mashimo waliyoyaacha hubaki. Watafiti waliowapima wagonjwa 501 Dar es Salaam walipokuwa wakikaribia kumaliza au wamemaliza matibabu walikuta 74 kwa mia wana kasoro katika utendaji wa mapafu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Maana yake, mtu anaandikiwa kwenye kadi kwamba amepona, anarudi nyumbani, na bado anakohoa na kuhema. Majirani wanaona kikohozi kilekile, wanatenga kikombe chake. Yeye mwenyewe anaogopa ugonjwa umerudi, anapimwa makohozi, hana vimelea, anarudishwa bila jibu. Wengine hupewa dawa za TB mara ya pili bila kuzihitaji. Hilo linanisikitisha kuliko yote, kwa kuwa mgonjwa alitimiza kila alichoambiwa.

Ukubwa wa tatizo umewahi kupimwa upande wa pili wa nchi. Utafiti wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta asilimia 17.5 ya watu wenye umri wa miaka 35 na zaidi wana njia za hewa zilizoziba kwa kudumu. Walioambiwa hivyo na mtaalamu kabla ya hapo hawakufika hata 2 kwa kila 100. Karibu wote walikuwa wameishi na moshi wa kuni. Hai iko chini ya Mlima Kilimanjaro, na hospitali kubwa ya KCMC haiko mbali. Kama huko ni hivyo, sembuse nyikani: zahanati haina kipima pumzi, na mgonjwa huondoka na neno pumu, vidonge vya salbutamol, au dawa ya kikohozi. Dawa ya kuvuta kwa pampu hufanya kazi vizuri kuliko vidonge, lakini lazima ipatikane kila mwezi, na lazima mtu aonyeshwe namna ya kuivuta. Wengi huishia kuipuliza mdomoni ikakwama ulimini.

Matumaini yapo, na yamejaribiwa jirani. Wataalamu wa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwachukua watu walioachiwa mapafu mabovu na kifua kikuu wakawafanyisha mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6: kutembea, kuinua vitu vizito kiasi, kufundishwa kuhema. Umbali waliomudu katika jaribio la kutembea ulipanda kutoka wastani wa mita 299 hadi 377. Makovu hayakufutika, misuli iliyokuwa imedhoofika kwa kukaa ndiyo iliyoamka, na hofu ikapungua. Walioshiriki walieleza kwamba kabla ya hapo waliishi kwa aibu na upweke, kipato kimekwisha, na kwamba kurudi kufanya kazi kuliwarudishia nafasi yao kwa watu. Mazoezi hayo yanahitaji uwanja, kiti na mtu aliyefunzwa, vitu ambavyo Tura inaweza kuwa navyo.

Serikali imetangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Ni kazi njema, lakini kwa wale ambao mapafu yao yamekwishachakaa gesi itazuia yasizidi kuharibika tu. Hao wanahitaji kuaminiwa na kupimwa.

Msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, anza na haya. Akikohoa zaidi ya wiki 2, apimwe TB. Akikutwa hana, msikubali kuishia hapo. Ombeni rufaa kwenda hospitali yenye kipima pumzi. Mtoeni jikoni penye moshi. Anapobanwa, aketi akiinamia mbele, viwiko magotini, avute kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Hewa iliyokwama hupata kutoka. Na mnapofuatana naye njiani, nendeni kwa mwendo wake.