Je, Wajua? Saratani ya Ngozi Inayofanana na Choa, na Dawa Zake

Je, wajua kuwa ipo saratani inayojifanya choa? Inaitwa maikosisi fungoidesi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza mwaka 1806. Si kuvu hata kidogo. Ni limfoma: chembe nyeupe za damu zimeasi na kuvamia ngozi.

Je, wajua huanzia pale jua lisipofika? Kiunoni, matakoni, mapajani. Mchuma chai wa Kericho au Bomet anaweza kuwa na mikono safi kabisa huku mabaka yakienea chini ya nguo. Kwenye ngozi nyeusi mabaka mara nyingi hupauka, ndipo watu hudhani ni choa au hata ukoma.

Je, wajua baadhi ya dawa zake ni ndugu za vitamini A? Ni retinoidi. Beksarotini iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa ugonjwa huu. Asitretini ni dawa ya soriasisi na isotretinoini ya chunusi kali, ila madaktari huzitumia hapa pia. Beksarotini hupandisha mafuta kwenye damu na kulegeza tezi ya shingo, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Je, wajua retinoidi hizi zote huharibu mimba? Hili lisipitwe haraka, maana wachumaji chai wengi ni wanawake wenye umri wa kuzaa. Ukimaliza isotretinoini au beksarotini, subiri angalau mwezi 1 kabla ya kushika mimba. Ukimaliza asitretini, subiri miaka 3! Ukiichanganya na pombe, iwe bia au busaa, mwili huigeuza kuwa etretineti, ambayo hukaa kwenye mafuta ya mwili muda mrefu zaidi. Mwanamke asiandikiwe mojawapo ya dawa hizi kabla ya kuelezwa haya yote, kwa Kikipsigis ikibidi.

Je, wajua mboga za isagek na sukuma wiki zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A? Kula mboga hizi kwa wingi, lakini haziponyi limfoma. Vidonge vya vitamini A vikizidi huumiza ini.

Una baka lililokataa dawa ya choa kwa miezi? Acha krimu za steroidi za dukani, zinaficha dalili. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kericho au Longisa, uulizie kipimo cha kukatwa kipande kidogo cha ngozi.